Swali la Wiki ya Kwanza

Kila mwaka, mwezi wa Julai ukiingia na baridi ya nyanda za juu kusini ikiwa imekaza kwelikweli, mabasi hushusha watoto wa watu kwenye njia panda ya kwenda shuleni. Kila mmoja ana tranka, godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, ndoo, na jembe ambalo mpini wake bado unanukia mti mbichi. Jembe limo katika orodha ya vitu vinavyotakiwa, pamoja na fyekeo na rimu ya karatasi. Hao ndio Kidato cha Tano. Wenyeji huwaita njuka, huyacheka matamshi yao ya huko watokako, na kuwaachia zamu ya kuteka maji. Baada ya wiki mbili tatu kicheko hukoma, na njuka naye huanza kuizoea shule.

Nimefundisha Kiswahili katika madarasa hayo kwa zaidi ya miaka ishirini, na sasa nimestaafu. Katika kurasa hizi nataka kuhakiki kitabu kimoja, Kusadikika cha Shaaban Robert. Lakini siwezi kukihakiki bila kujihakiki mwenyewe, maana kitabu hicho nilikifundisha vibaya kwa miaka mingi, na aliyenionyesha ubaya huo alikuwa binti wa Kidato cha Tano ambaye alikuwa na siku nne tu shuleni.

Kwanza nieleze kidogo habari ya Kidato cha Tano chenyewe, kwa ajili ya msomaji ambaye hakukipitia. Mwanafunzi aliyemaliza Kidato cha Nne hakuwa na la kuchagua sana. Alisoma masomo mengi kwa pamoja kama mtu anayekula sinia moja na ndugu zake wote. Afikapo Kidato cha Tano anapewa herufi tatu. PCM ni Fizikia, Kemia na Hisabati. PCB ni Fizikia, Kemia na Baiolojia. HGL ni Historia, Jiografia na Lugha ya Kiingereza. HKL ni Historia, Kiswahili na Lugha ya Kiingereza. Zamani tuliita michepuo, vijana wakaita kombi, siku hizi Wizara inaita tahasusi, na mwaka 2024 zikaongezwa hata kupita sitini. Jina lolote utakalolitumia, maana ni ileile: kwa mara ya kwanza kijana anaambiwa, wewe ni mtu wa masomo haya. Herufi tatu hizo zitamfuata mpaka chuo kikuu, na pengine mpaka kaburini.

Sasa, katika desturi yetu herufi hizo zina vyeo. Aliyepewa PCM hutembea kifua mbele. Aliyepewa HKL huulizwa na wajomba zake, "Kiswahili? Kwani hukijui?" Kwa hiyo darasa langu, kila Julai, lilikuwa na watoto wa namna mbili: wachache waliokuja kwa mapenzi, na wengi waliokuja kwa kuwa kule walikotaka hawakupata nafasi. Wote walikuwa wanangoja jambo moja kutoka kwangu. Walikuwa wanangoja kujua kama somo hili lina kitu ndani yake.

Mimi niliwapa nini? Niliwapa notisi.

Nilikuwa na daftari langu la jalada gumu, la bluu, ambalo nilianza kuliandika nikiwa chuoni. Nilipenda kuanza mwaka na Kusadikika, kiwe kimo katika orodha ya vitabu vya mtihani au kisiwemo, kwa sababu ni kitabu chembamba na habari yake ni nyepesi kufuata. Siku ya kwanza niliingia darasani, nikajibu shikamoo zao kwa mkupuo, nikageukia ubao. Nikaandika kwa herufi kubwa: UHAKIKI WA KUSADIKIKA. Chini yake: Maudhui. Dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa, msimamo. Kisha: Fani. Muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, jina la kitabu. Mwisho: Kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Kila kichwa kilikuwa na hoja zake zilizohesabiwa kwa namba za Kirumi. Wanafunzi walinakili. Kwa siku tatu walinakili, na kalamu zikilia darasani kama mvua kwenye bati. Wakati huo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amefungua kitabu.

Nisijionee sana. Ziko sababu. Darasa lilikuwa na wanafunzi arobaini na nane na nakala tisa, mbili kati ya hizo hazina kurasa za mwisho. Wazazi walikuwa wameuza ng'ombe na magunia ya mahindi ili kulipa ada. Mzazi hakuulizi mtoto wake ameonaje hoja za Karama. Anauliza umepata daraja gani. Mtihani wa taifa una maswali yake, na maswali hayo yamezoea majibu ya namna fulani. Mwalimu anayejua hivyo halafu akaacha kutoa notisi ni kama nahodha anayetupa makasia ili abiria waione bahari vizuri. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na hata leo sioni kwamba nilikuwa nasema uongo mtupu.

Siku ya nne ya mwaka ule wa 1994 nilikuwa nimefika kwenye falsafa ya mwandishi. Niliandika kwamba mwandishi anaamini haki hushinda dhuluma. Nikasikia kiti kinasogea nyuma. Binti mmoja alisimama, mrefu, mwenye sweta la kijani lililotoboka kiwiko. Yeye alikuwa amekisoma kitabu. Alikikuta bwenini kwa mwenzake wa Kidato cha Sita, akakisoma usiku kwa taa ya chemli mpaka alipokimaliza.

"Samahani mwalimu," akasema. "Karama ameshinda kwa haki, au amehurumiwa?"

Nikamwuliza ana maana gani.

"Nina maana, mfalme angeamka na hasira siku ile, ingekuwaje?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka kidogo, Mungu anisamehe. Nikamwambia kwamba swali lake ni zuri lakini halimo katika mada, aketi, aandike. Jumatatu nikatoa zoezi la kwanza: Jadili falsafa ya mwandishi wa Kusadikika. Yule binti akaandika kurasa mbili na nusu juu ya swali lake lilelile. Nikamsahihisha kwa mwongozo wangu. Katika hoja zangu tano hakuwa na hata moja, isipokuwa utangulizi. Nikampa alama nne kati ya ishirini, na pembeni nikaandika kwa wino mwekundu: "Jibu swali."

Katika wiki zile za mwanzo shule iliruhusu mwanafunzi kubadili mchepuo kama nafasi ipo. Kabla mwezi haujaisha yule binti alikuwa amehamia HGL. Sikumfuata kumwuliza. Nilikuwa na wengine arobaini na saba.

Sasa turudi kwenye kitabu, tuone nani alikuwa amejibu swali na nani hakulijibu.

Kusadikika kilichapwa mwaka 1951, miaka kumi kabla ya Uhuru wa Tanganyika. Mwandishi wake, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani katika serikali ya kikoloni. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya forodha. Elimu yake ya shule aliipata Dar es Salaam katika miaka ya ishirini, na hakuwahi kukaa katika darasa lolote la Kidato cha Tano. Habari anayoisimulia ni ya nchi iliyo angani. Kwa kuwa iko angani, mipaka yake si minne kama ya nchi zetu, bali ni sita, maana mbingu iko juu yake na ardhi iko chini yake. Katika nchi hiyo mtu mmoja aitwaye Karama anashitakiwa. Mshitaki wake ni Majivuno, waziri mkuu. Kosa la Karama ni kwamba ameanzisha elimu mpya, elimu ya uanasheria.

Hebu msomaji atulie hapo kidogo. Mtu anashitakiwa kwa kuanzisha somo. Kitabu kizima, tangu mwanzo mpaka mwisho, ni kesi juu ya somo jipya: kama lifundishwe au lisifundishwe, na nani ana haki ya kulisoma. Nami nilikuwa nakifundisha kila mwaka mbele ya vijana ambao wiki ileile walikuwa wanaanza somo jipya, na kwa miaka yote hiyo haikunijia hata siku moja kuwaambia kwamba kitabu hiki kinawahusu wao.

Karama anapopewa nafasi ya kujitetea hafanyi kama washitakiwa wengi. Hasemi, sikufanya. Wala hamtukani Majivuno. Anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, ambao kila mmoja alikwenda upande mmoja wa mipaka ile sita. Walikwenda kwa taabu kubwa, wakarudi na habari za manufaa kwa nchi yao, na malipo yao yakawa kifungo. Hadithi inafuata hadithi. Baraza lililokuja kumhukumu Karama linajikuta limekaa kimya linasikiliza. Mwishoni Karama anaachiwa, na wale waliofungwa wanafunguliwa.

Wahakiki wetu wamesema mengi juu ya kitabu hiki, na mengi ni ya kweli. Wamesema ni fumbo la utawala wa kikoloni. Wamesema wahusika wake ni bapa, kwa kuwa jina la mtu limekwisha kutuambia tabia yake kabla hajafungua kinywa. Majivuno hawezi kuwa mnyenyekevu hata akitaka. Wamesema mwandishi anapenda mno kuonya, hata mahali ambapo tukio lenyewe limekwisha kuonya. Hayo yote yalikuwemo katika daftari langu la bluu, na siyakani. Kinachonishangaza ni kwamba hakuna hata moja kati ya hayo linalomfanya mtu asimame na kusogeza kiti nyuma.

Swali la yule binti linafanya hivyo. Tulitazame vizuri. Utawala uliowafunga wajumbe sita ni uleule unaomsikiliza Karama. Hakuna sheria iliyobadilika kati ya kufungwa kwao na kufunguliwa kwao. Hakuna mahakama nyingine ya kukimbilia. Kilichobadilika ni moyo wa wakubwa, na moyo umebadilika kwa sababu Karama ana ulimi mzuri. Ukimwondoa Karama ukamweka mtu mwenye haki ileile lakini mwenye kigugumizi, yule mtu anakwenda gerezani kuwa wa saba. Je, hiyo ni haki kushinda dhuluma? Au ni dhuluma iliyochoka kwa siku moja?

Ukiishia hapo utasema mwandishi amekosea, na mimi niliposoma tena zile kurasa mbili na nusu kichwani mwangu, miaka mingi baadaye, ndivyo nilivyodhani kwanza. Nilidhani binti ameona udhaifu wa riwaya: mwisho wake ni mwepesi mno, na mfalme anageuka haraka mno. Wako watakaosema hivyo, nami siwakatalii. Lakini soma tena ukikumbuka shitaka lilikuwa nini. Karama ameshitakiwa kwa kuwafundisha watu sheria. Kwa nini watu wajue sheria? Ili atakayeshitakiwa kesho asihitaji kuwa na ulimi wa Karama. Ili mwenye kigugumizi naye apone. Kwa hiyo ule udhaifu wa mwisho ndio ushahidi mkubwa kuliko yote aliouleta Karama barazani, ingawa hausemi. Kule kuokoka kwake kwa huruma kunaonyesha kwamba katika nchi yake hakuna kitu kingine cha kumwokoa mtu. Shitaka linajibiwa na hukumu yenyewe.

Sijui kama Shaaban Robert alikusudia hivyo. Alikuwa mtumishi wa serikali ambayo haikuwa na kawaida ya kuulizwa maswali na makarani wake, na mtu wa namna hiyo hujifunza kuweka mambo mahali ambapo mwenye haraka hatayaona. Ninalolijua ni kwamba kitabu kinaubeba usomaji huo bila kulegea popote, na kwamba mlango wa kuuingilia ni swali moja lililoulizwa na msichana wa miaka kumi na minane katika wiki yake ya kwanza. Mimi mwenye shahada nilikuwa nimesimama mbele ya mlango huo kwa miaka, nimeupa mgongo, nikiandika ubaoni.

Hapa ndipo ninapotaka kusema neno juu ya mtindo wetu wa uhakiki mashuleni. Kuigawa kazi ya fasihi katika fani na maudhui si kosa. Waliotufundisha mgawanyo huo walikuwa na nia njema, na walibishana sana wao kwa wao: wengine walisema ni kama kikombe na chai, wengine wakasema la, ni kama pande mbili za sarafu moja, huwezi kuupata upande mmoja bila mwingine. Mabishano hayo yalikuwa ya watu waliokwisha soma vitabu. Sisi tukauchukua mgawanyo, tukayaacha mabishano. Tukawapa watoto kikombe kabla hawajasikia kiu. Msamiati wa uhakiki ni zana, kama lile jembe lenye mpini mpya. Mwenye shamba analihitaji. Lakini huwezi kumfundisha mtu kulima kwa kumnakilisha sehemu za jembe.

Liko jambo jingine, na hili ndilo linalonisumbua zaidi. Katika shule zetu za sekondari karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Mtoto wa HKL husoma Historia kwa Kiingereza, na Kiingereza kwa Kiingereza. Niliwaona watoto werevu wakikaa kimya katika vipindi hivyo kwa sababu wazo lilikuwa tayari lakini maneno hayakuwa tayari, na kufika neno linapopatikana, mwalimu amekwisha kupita. Wakati wangu kipindi cha Kiswahili ndicho peke yake ambamo mtoto aliweza kubishana bila kutafsiri. Wazo likija linakuja limevaa nguo zake. Yule binti hakusimama katika kipindi cha Historia; alisimama kwangu. Katika ratiba ya vipindi vya wiki nzima, dirisha lililokuwa wazi kwake lilikuwa langu, nami nikalifunga kwa wino mwekundu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Kiswahili ni somo la kujazia nafasi. Lakini sikubaliani pia na sisi walimu tunaolalamika kwamba linadharauliwa, halafu tukaingia darasani kuwapa watoto imla. Wajomba wanapouliza, "Kwani hukijui?", jibu haliwezi kuwa orodha ya tamathali za semi. Jibu lilitakiwa liwe: ninakijua, na sasa ninajifunza kufikiri kwacho.

Nilikutana na yule binti mwaka 2009, katika kituo cha mabasi. Alinitambua yeye. Alinisalimu kwa heshima zote, akaupokea mfuko wangu, akaninunulia chai ya maziwa na chapati. Alikuwa mama wa watoto wawili na alikuwa anafanya kazi ya uhasibu. Tulizungumza vizuri. Nilipopata ujasiri nilimwambia, "Mwanangu, kuna swali uliniuliza siku za mwanzo, juu ya Karama. Mimi sikukujibu."

Akafikiri. Akatabasamu kwa adabu. "Sikumbuki, mwalimu. Nakumbuka tulivyolima ile bustani ya mboga kwa majembe yetu, na baridi."

Nilikuwa nimejiandaa kulaumiwa. Nilikuwa hata nimejiandaa kusamehewa. Sikuwa nimejiandaa kwamba swali lenyewe halikuwepo tena mahali popote duniani isipokuwa kichwani mwangu mimi niliyelikataa. Mwanafunzi akinyimwa jibu anaweza kulitafuta kwingine. Lakini mwanafunzi akifundishwa kwamba swali lake si swali, analiweka chini, anakwenda zake, na baada ya miaka kumi na mitano hajui kama aliwahi kulishika.

Tangu mwaka uliofuata, mpaka nilipostaafu, nilianza Kidato cha Tano kwa namna nyingine. Nitaieleza, si kwa kujisifu, bali kwa kuwa huenda iko na mwalimu kijana anayesoma hapa. Wiki mbili za kwanza hatukuandika kitu ubaoni. Tulisoma kitabu kwa sauti, kwa zamu, kila mmoja ukurasa mmoja, nakala zikipita mkono kwa mkono. Kitabu chembamba huisha kabla ya wiki mbili. Waliposoma habari ya nchi iliyo angani, kila mwaka hakukosekana mtu wa kuuliza watu wake wanalima wapi, nami sikusema tena kwamba hilo halimo katika mada. Baada ya kumaliza, kila mmoja aliandika kwenye karatasi swali moja tu, na sharti lilikuwa kwamba liwe swali ambalo yeye mwenyewe hajui jibu lake. Nilikusanya karatasi hizo katika bahasha, na ndizo zilizokuwa ratiba yetu ya muhula. Fani na maudhui viliingia mwezi wa pili, na vilipoingia vilikuwa na kazi ya kufanya, kwa sababu huwezi kubishana kama Karama alihurumiwa au alishinda bila kuuliza nani anasimulia, na kwa mpangilio gani, na nani ananyamaza.

Haikuwa rahisi. Kila mwaka katika siku ya tatu au ya nne mtu alinyoosha mkono na kusema, "Samahani mwalimu, notisi tunapewa lini?" Wenzangu walinionya kwamba nachezea matokeo ya watoto. Mwaka mmoja mzazi alisafiri kutoka mbali kuja kuniuliza kama ni kweli sifundishi. Nilimwonyesha bahasha. Alizisoma karatasi kadhaa akiwa amesimama, akachagua moja, akaniuliza jibu lake. Nikamwambia bado hatujafika. Akasema basi atangoja, na akaondoka bila kugomba zaidi. Kuhusu matokeo, sikuyaona yakishuka. Waliofaulu walifaulu, walioshindwa walishindwa, kama zamani. Mtihani haukugundua tofauti. Tofauti niliiona darasani tu, katika vile viti vilivyokuwa vinasogea nyuma.

Siku hizi orodha ya vitabu ni nyingine. Kwa miaka mingi Kufikirika, kitabu kingine cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1967 akiwa amekwisha kufariki, kimesomwa katika Kidato cha Tano na cha Sita. Nacho kina mwalimu ndani yake, Utubusara Ujingahasara, na nchi inayobabaika nani mwerevu na nani mjinga. Nimeona vijana wanaomjua Utubusara kwa namba za Kirumi kabla hawajakutana naye kitabuni. Notisi zenyewe hazinakiliwi tena kutoka ubaoni. Ziko kwenye simu, zimepangwa vizuri kuliko daftari langu la bluu, na zinapatikana hata kabla mtoto hajafunga tranka lake kuja shuleni. Kwa hiyo mwalimu wa leo hana hata udhuru niliokuwa nao mimi, wa kusema kwamba bila yeye watoto watakosa notisi. Hawatazikosa. Watakachokosa, yeye asipowapa, ni mtu wa kulisikia swali lao.

Julai itaingia tena. Mabasi yatashusha matranka na magodoro, na katika kundi lile la njuka yuko mmoja ambaye amekisoma kitabu kabla ya wenzake, usiku, kwa tochi ya simu chini ya blanketi. Siku ya tatu au ya nne atasimama. Swali lake huenda likawa la kuchekesha, na huenda likawa nje ya mada. Mwalimu mwenzangu, usimjibu haraka, na usimketishe. Weka chaki chini, umwombe alirudie swali lake kwa sauti, ili na wale walio nyuma walisikie.